Moyo wa bwana yangu usiku unashuka 46, alfajiri unaruka mupaka 104. Iko kawaida?

MamaFuraha_Himbi (Goma)

Jambo zenu wandugu wote wa humu. Niko na swali na naomba mwenye kujua anijibu bila kuniogopesha juu woga tayari niko nayo ya kutosha. Mdogo wangu alitoka Kampala mwezi uliopita akaletea bwana yangu ile saa ya mkono yenye inahesabuka moyo. Papa Furaha ana miaka 47, anaendeshaka kamio ya mawe ya volkano, mwili yake iko nene kidogo na shingo ya nguvu, hajalazwaka hospitali hata siku moja. Paka kichwa tu. Kila asubui anaamuka analalamika kichwa, halafu mchana akipaki kamio dakika mbili usingizi unamubeba.

Sasa mi njo naangaliaka ile grafiki ku telefone juu yeye hana muda. Wakati anaingia kulala, saa ine hivi ya usiku, iko 66. Saa sita inashuka 50, juzi ilifika 46. Nikasema eh, 46 si moyo unataka kuzimika? Halafu kuanzia saa tisa mupaka saa kumi na moja grafiki inakuwa kama meno ya musumeno, 52, 98, 55, 104, 51, vile vile mupaka anaamuka. Mi nilivaa ile saa usiku moja nione kama iko mbovu, yangu ilishuka 57 ikapanda kidogo kuelekea asubui, meno hakuna.

Jirani moja ameniambia ni vitu vya usiku vinamukalia ku kifua, tuombe. Kuomba tunaomba, siachi. Lakini nataka pia kujua: mtu mwenye amelala, hafanye kazi, habebe kitu, moyo yake inakimbia inaenda wapi?

Kijana_Birere (Goma)

Mama Furaha pole sana. Kwa ile 46 usiogope mbio, mi nachezaka mpira kila jioni na yangu nikilala inafika 44, nilienda kuuliza docta akanipima akasema moyo wa mtu wa mazoezi unapiga mara kidogo lakini kwa nguvu. Ile ya meno ya musumeno sijaionaka kwangu. Ngoja wenye kusoma waje.

Infirmye_Kadutu (Bukavu)

Mama Furaha jambo. Mi ni infirmye (muuguzi), nimefanya zamu za usiku miaka mingi kwenye chumba cha watu wazima, kwa hiyo moyo wa mtu aliyelala nimeupima kwa vidole vyangu, sijausoma tu. Nitaandika ndefu, univumilie.

Usingizi hauko kitu kimoja. Unajua Bukavu yetu ilivyo na vilima. Mtu akilala ni kama ametoka kule juu Karhale anashuka mpaka ku ziwa, halafu anapanda tena, halafu anashuka tena, usiku mzima mara nne, tano, hata sita, na kila safari ya kushuka na kupanda inabeba kama dakika 90. Akianza kushuka anapata usingizi mwepesi, ule ukimwita anaamka anakuambia sikuwa nimelala. Kisha usingizi wa katikati, huo ndio unakula karibu nusu ya usiku. Kisha ule mzito kabisa, wa mtu kubebwa na mkeka wake asijue. Pale chini ndipo moyo unapiga polepole kuliko saa zote. Kuna mshipa wa fahamu mrefu unatoka ku ubongo unapita shingoni unafika ku moyo na ku tumbo, unaitwa vagi, kazi yake kwa moyo ni breki. Kamio ya papa Furaha ikiwa barabarani mguu uko ku mafuta, usiku mguu unahamia ku breki. Tansio, ile presha ya damu, nayo inashuka, kwa mtu mwenye afya inapungua asilimia 10 mpaka 20 kuliko ya mchana. Pumzi inatulia inakwenda sawa sawa kama saa ya ukutani. Kwa hiyo mtu ambaye akiingia kitandani ana 66, kumkuta 50 au chini yake saa sita ya usiku, ule ni moyo unapumzika. Na ule usingizi mzito unakuwaka mwingi mwanzoni mwa usiku, ndio maana 46 uliiona saa sita, hukuiona alfajiri. Mi ningeanza kuiogopa kama mchana akiwa macho anapata kizunguzungu, anaanguka, ama pumzi inamkatikia. Hapo haraka apimwe moyo kwa ile mashine ya kubandika nyuzi ku kifua.

Halafu kuna usingizi wa ndoto, na huu kwangu ndio wa ajabu kuliko yote. Macho yanakimbia huku na huku chini ya kope, ubongo unatumika karibu kama wa mtu aliye macho, lakini mwili wote umelegea kama nguo iliyoloana, mikono haisogei, miguu haisogei, kinachobaki ni misuli ya macho na ile ya chini ya mapafu inayovuta pumzi. Wa kwanza kuuandika vizuri ni Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman kule Chicago, 1953, na tangu siku ile waliona macho yakianza kukimbia, pumzi na moyo navyo vinaongeza mwendo. Moyo katika ndoto hauna mwendo mmoja, unapanda, unashuka, unapanda, unaweza kukaribia ule wa mchana hata kama unaota umekaa tu chini ya mti. Na ndoto zinakuwaka ndefu zaidi kadiri asubuhi inavyokaribia. Ile yako kupanda kidogo kuelekea asubui ndiyo hiyo, wala usiwaze.

Sasa meno ya musumeno. Hapa ndipo nakuomba usome polepole.

Koo la mtu linashikiliwa wazi na misuli. Akilala misuli inalegea, akiingia ku ndoto inalegea zaidi, na akilala chali ulimi unarudi nyuma. Kwa mtu mwenye shingo nene njia inaweza kuziba kabisa. Pumzi inasimama sekunde 10, 20, hata zaidi, kifua kinasukuma lakini hewa haipiti. Oksijeni inaanza kushuka ku damu na moyo unapunguza mwendo, sawa na mtu aliyezamia ziwani, mwili unabana matumizi. Kisha ubongo unashtuka, unamwamsha nusu, koo linafunguka, anavuta hewa kwa kishindo, breki inaachiliwa kwa ghafla na mafuta yanakanyagwa, moyo unaruka 98, 104. Anarudi kulala. Dakika moja tu yanaanza tena. Asubuhi hakumbuki hata moja. Chini, juu, chini, juu, ndiyo meno unayoyaona, na yanajikusanya saa tisa mpaka saa kumi na moja kwa sababu ndio saa za ndoto nyingi. Umeuliza moyo unakimbia unaenda wapi, mama. Unakimbilia hewa.

Sisemi kwamba nimempima, sijamuona. Niambie: anakoroma? Mkoromo unakatikaka halafu unarudi kwa kishindo? Anaamka mara ngapi kwenda kukojoa? Mdomo unakauka asubuhi? Tansio yake ilipimwa lini? Na fanya kitu kimoja, usiku mmoja amka saa tisa, kaa pembeni yake saa nzima, usimguse, sikiliza pumzi, kila ikisimama hesabu sekunde, andika ku karatasi. Ile saa inapiga taa ya kijani ku ngozi kuona damu inavyopita, kwa kuhesabu moyo iko sawa, lakini ikikuambia sasa yuko ku usingizi mzito, sasa yuko ku ndoto, pale inakisia tu kwa kuangalia mkono unavyosogea na moyo unavyopiga. Kujua kwa hakika wanabandika nyuzi ku kichwa, ku macho na ku kifua usiku kucha. Masikio yako wewe na karatasi vitamsaidia docta sana.

Ya_Katuba (Lubumbashi)

Jambo bandugu ba Goma na Bukavu. Mi niko ku Lubumbashi, minataka niongeze tu ya baba yangu. Mama Furaha, bile infirmye anasema byote mi nilibisikia kwa masikio yangu miaka na miaka bila kujua njo nini. Baba alikuwa anakoroma, batoto tuko mu chumba ya pili tunasikia, na sisi tulikuwa tunacheka juu tulikuwa tunazani mutu wa kukoroma njo analala muzuri. Kumbe hapana. Mama alikuwa anasemaka, baba yenu usiku ananyamazaka kabisa, mi namupiga ku mugongo njo anarudisha roho. Hakuna mutu alifuata ile maneno.

Na kwa vile kila asubui alikuwa anaamuka na muchoko, akawa anatafuta usingizi. Mangaribi kopo ya lutuku, ile pombe kali, na ku farmasi bakamuuzia Valium, dawa ya usingizi, bila karatasi ya docta. Docta moja alituelezeaka nyuma, ile yote mbili inalegeza misuli ya koo zaidi, na inafanya ubongo usishituke haraka, basi pumzi inasimama murefu kuliko mbele. Tansio yake ilikuwa inakatala dawa, bakabadilisha, bakaongeza, inakatala tu. Ku miaka 58 upande wa kuume ukafa, mukono na muguu, na maneno ku mudomo. Ule docta alimuuliza mama paka swali moja, anakoroma? Mama akalia.

Kama bwana yako anakunywaka bia ya Primus mbili mangaribi mbele ya kulala, umuombe aache kwanza. Mi naandika hii na roho yote.

Amani_Ndosho (Goma)

Samahani nimeingilia, mi yangu iko ingine kabisa lakini ni moyo wa usiku pia. Tangu ile mwezi wa kwanza 2025 wakati ya mabomu, mi usingizi uliondoka. Nalala saa tano, saa saba macho wazi, mlango ukilia kidogo tu moyo unapiga mupaka ku masikio. Niliazima saa ya rafiki, usiku muzima haishukake chini ya 80. Sikoromake, niko mwembamba. Siku zingine naamuka alfajiri macho yameona chumba yote lakini mwili haitikisike, kama mtu amenikalia. Na mtoto wangu wa miaka mitano, mara mbili kwa juma, kama saa moja tu kisha kulala, anakaa wima analia kwa nguvu, macho wazi, moyo yake ukiweka mkono ku kifua ni kama ndege mwenye umemushika, namuita haniitikie. Asubui anacheka, hakumbuki kitu. Ile nayo ni koo?

Infirmye_Kadutu (Bukavu)

Kaka Amani pole sana, na hukuingilia, mambo haya ni ndugu.

Nianze na mtoto. Yule anashtukia ndani ya usingizi mzito, ndio maana ni mwanzoni mwa usiku na ndio maana haitikii, mwili umeamka ubongo umebaki chini ku ziwa. Moyo unaweza kuruka mara mbili ya ulivyokuwa dakika moja nyuma. Usimtikise, usimmwagie maji, kaa karibu asianguke, mpaka atulie alale tena. Ndoto mbaya ni kitu kingine, zinakuja alfajiri, mtoto anaamka kweli, anakuambia nimeona hiki, anakuomba alale nawe. Watoto wengi wanakua wanaacha. Lala yake isogeze mapema, mtoto aliyechoka sana anapatwa zaidi.

Wewe kuamka na mwili haitikisiki, wazee wanasema jinamizi. Umetoka ku ndoto macho yamewahi, ile nguvu ya ndoto ya kulegeza misuli bado haijaachia. Dakika chache inaisha. Inaogopesha lakini haiui, na mtu asiyelala vya kutosha ndiye inamtembelea sana.

Sasa hiyo 80. Mtu ambaye ubongo wake umezoea kulinda mlango, ule mguu wa mafuta hauondoki kabisa hata akilala, moyo unashuka kidogo au haushuki. Hilo nimeliona kwa wagonjwa wengi walioishi vita, na hauko mwendawazimu wala mwoga. Kuna wasaikolojia kwenye vituo vya afya wanaofanya kazi hiyo, nenda. Ila mbele ya kusema ni mawazo tu, kuna vitu vya kutoa njiani. Homa: kila digrii moja ikipanda moyo unaongeza kama mapigo 10, kwa hiyo malaria pimwa kwanza. Upungufu wa damu unakimbiza moyo pia. Na goita. Sisi wa Kivu tunaijua, wazee wetu wa Idjwi walikuwa na shingo zilizovimba kwa kukosa chumvi ya ayodi. Tezi ile ya shingoni ikitumika kupita kiasi, moyo unakimbia mchana na usiku. Waganga wa zamani walikuwa na mbinu, mgonjwa akija moyo unamkimbia na hawajui kama ni woga ama ni tezi, wanamwambia infirmye amhesabie mapigo akiwa amelala. Wa woga mara nyingi moyo unashuka akilala, wa tezi unabaki juu. Mi mwenyewe nimehesabu hivyo saa nane za usiku nikiwa nimeshika tochi mdomoni. Kwako wewe usiku hauko mtulivu kwa hiyo kipimo hicho peke yake hakitoshi, omba wakutolee damu wapime tezi. Unakonda? Mikono inatetemeka? Unatoka jasho wakati wenzio wamevaa koti? Kama ndiyo, usikawie.

Amani_Ndosho (Goma)

Kukonda ndiyo. Nilizani ni njaa na mawazo. Kesho naenda kupimisha. Aksanti kaka.

MamaFuraha_Himbi (Goma)

Nimerudi. Samahani nilichelewa, telefone haikuwa na moto siku mbili.

Nilifanya vile uliniambia. Niliamuka saa tisa kasoro, Furaha nikamulaza kwa shangazi yake, nikakaa na kalamu. Analala chali, anakoroma vile nimezoeaka miaka 19, mi nilikuwa nalalaka tu juu yake kama mvua ku mabati. Kiisha ikakatika. Kimya. Nikaanza kuhesabu moja, mbili, nikaona kifua na tumbo vinapandana lakini hakuna sauti, nikafika 23, akavuta hewa kama mtu mwenye wametoa ku maji, akageuka, akakoroma tena. Saa moja muzima nilihesabu 34, ile refu ilifika 41. Ile ya 41 nilishindwa kuvumilia, nilimugusa. Unisamehe, ulisema nisimuguse.

Majibu yako: kukojoa anaamuka mara tatu. Mdomo unakauka, analalaka na chupa ya maji pembeni. Tansio walipima jana ku kituo, 165 juu ya 102. Hatukujua.

Binamu wangu ana kile kipimo cha kubana ku kidole cha wakati wa Covid, chenye kinapimaka oksijeni ya damu. Nilimuvalisha usiku wa pili. Macho wazi alikuwa na 95. Wakati anasimamisha pumzi inabaki 93, 92, nikasema basi si mbaya, halafu ukisikia ameisha kuvuta hewa njo inaanguka 84, mara moja ilionyesha 79. Juu ya nini inachelewa?

Infirmye_Kadutu (Bukavu)

Mama Furaha, umefanya kazi ya zamu nzima. Na kumgusa hukukosea, hata mimi ningemgusa.

Inachelewa kwa sababu damu inahitaji sekunde kadhaa kutoka ku mapafu mpaka ku kidole. Ile 79 ni habari ya pumzi iliyosimama nyuma kidogo. Sasa sikia, wanahesabu hivi: mara 5 kwa saa wanaanza kuita ugonjwa, 15 ni ya katikati, 30 na kuendelea ni kali. Wewe umehesabu saa mbaya kuliko zote, ya alfajiri, usiku mzima unaweza kuwa na wastani mdogo zaidi, lakini kwa tansio ile na oksijeni ile usingoje. Beba karatasi yako, grafiki na namba za kidole, mwende kwa docta wa moyo ama wa mapafu ku hospitali kubwa. Tansio ianze dawa, na amwambie docta kwamba usiku pumzi inasimama, kwa maana tansio ya aina hii inaweza kukatala dawa kama koo halikutibiwa, ulisikia ya baba wa Ya Katuba. Na wamsikilize moyo kama unapiga bila mpangilio, ugonjwa huu unaleta hiyo pia, na damu ikiganda ndani ya moyo ikapanda ku ubongo ndipo mtu anapooza.

Dawa yenyewe ni mashine ndogo inasukuma hewa kwa mpira mpaka ku barakoa ya pua, hewa inashikilia koo wazi. Ilianzishwa na docta Colin Sullivan wa Sydney, Australia, 1981, na mpaka leo ndiyo inayofanya kazi kuliko zote. Si rahisi kuipata kwetu, bei iko juu, na inataka umeme usiku kucha, kwa hiyo uliza pia ya kutumia batri na sola. Wakati mnaitafuta: alale ubavu. Shona mfuko nyuma ya singlendi, weka mpira mdogo wa tenisi ndani, akirudi chali unamsumbua anageuka mwenyewe. Kichwa cha kitanda kiinue. Pombe ya jioni aache, dawa za usingizi asiguse. Kilo zikipungua hata kidogo koo linapata nafasi.

Na kamio. Hapa nasema kwa nguvu. Mtu anayelala dakika mbili akipaki anaweza kulala akiwa anaendesha. Mpaka atibiwe mtu mwingine ashike usukani, hata kama pesa itapungua.

Ya_Katuba (Lubumbashi)

Mama Furaha, ile ya kamio umusikilize infirmye. Tafazali.

MamaFuraha_Himbi (Goma)

Ya kamio njo ilikuwa ngumu. Alikatala. Alisema mi nimeendesha miaka 20, usingizi ni wa mtu yeyote. Basi usiku nilirekodi ku telefone, dakika kumi, asubui nikamupa asikilize tukiwa tunakunywa chai. Alisikiliza yote. Pale pa kimya aliweka kikombe chini, akangoja, akangoja, akaniangalia, akasema huyu ni mimi? Nikasema ni wewe. Akaita mtoto wa dada yake akamupa funguo ya kamio.

Tuko na randevu ya docta siku ya ine. Singlendi nimeishashona, mpira wa tenisi sikupata, nimeweka ule wa watoto wa matambara nikaukaza na kamba. Usiku wa jana nilihesabu tena saa ile ile: 15. Ameanza dawa ya tansio pia. Nitaleta majibu humu.